Bonsai ya mreteni au ya mkwaju: ipi inaiweza Mtwara?

Wadau, karibuni. Mezani leo nina bonsai mbili, yaani miti inayolelewa chunguni ibaki midogo. Hii ya kushoto ni mreteni (juniper), ule wa Asia unaouzwa sana mitandaoni. Umekuja kwa basi kutoka Dar, shilingi 85,000 pamoja na chungu. Huu wa kulia ni mkwaju wa kitalu cha hapahapa Mtwara, 15,000, chungu nimenunua mwenyewe.

Tuanze na mreteni. Kwa macho ni mzuri, sikatai. Shina limepinda kwa ustadi, majani kijani kibichi. Lakini sogeza kamera hapa juu ya udongo. Hivi vikokoto vimegandishwa kwa gundi. Nagonga na kijiko, mnasikia? Wanafanya hivyo udongo usimwagike safarini, ila ukimwagilia maji yanateleza pembeni na mizizi inabaki na kiu. Ukiununua, bandua hii gundi siku hiyohiyo.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia: mreteni ukifa hauonyeshi. Mizizi inaweza kuwa imekufa na majani yakabaki kijani kwa wiki kadhaa, kwa hiyo picha ya mtandaoni haithibitishi kitu. Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha. Pakiwa kijani na unyevu, mti u hai. Pakiwa pakavu na kahawia, umenunua pambo. Huu wangu... haya, kijani. Uko hai.

Sasa karatasi ya maelekezo, maana hapa ndipo penye kesi yote. Inasema Desemba hadi Februari mti umelala, punguza maji. Machi badilisha udongo. Jamani, Desemba Mtwara! Ule mwezi ambao ukitoka kuoga tayari unatoka jasho, ndiyo upunguze maji kwenye chungu chenye kina cha vidole vinne?

Karatasi imeandikiwa nchi za kaskazini ya dunia. Kule siku zikifupika na baridi ikiingia, mti unasimamisha ukuaji, kisha unahitaji wiki nyingi za baridi, tuseme kati ya nyuzijoto 0 na 7, ndipo uamke na nguvu. Ndiyo maana Wajapani hawauingizi mreteni ndani ya nyumba yenye joto. Wanauacha nje na kukinga chungu tu, kwa kuwa mizizi ya chunguni huumizwa na barafu upesi kuliko iliyo ardhini.

Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Mchana mrefu kuliko yote unauzidi mfupi kwa saa moja na dakika chache tu. Usiku wa Julai, hata kusi ivume ujifunike shuka mbili, joto linacheza kwenye 20. Kwa hiyo mreteni haupati kupumzika. Unatumia akiba yake mwaka hadi mwaka, unadhoofika, na mwenyewe unabaki unalaumu mbolea. Najua kuna atakayesema mbona mtarakwa ni ndugu yake na upo Tanzania. Upo, lakini uko milimani, Kilimanjaro, Meru, Usambara. Shangani hapa ufukweni hauoti.

Mkwaju nao una majira yake, ila kinachoupumzisha ni ukame. Mvua zetu zinashika Desemba mpaka Aprili, kisha kiangazi kirefu. Mbuyu ndio unaonyesha wazi zaidi, unapukutisha majani yote. Na ukiwa na bonsai ya mbuyu, tafadhali, usiimwagilie kila siku ikiwa haina jani hata moja. Mizizi itaoza. Mkwaju unapunguza majani kiasi maji yakipungua. Jioni ukiona vijani vimejikunja usishtuke, ndiyo kawaida yake, asubuhi vinafunguka.

Juni hadi Septemba basi, mbolea hapana, kukata mizizi hapana. Ingiza kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu kwa juu ndipo umwagilie. Chungu kisogezwe ukutani, kusi inakausha haraka. Watu wakianza kuokota korosho ujue joto linapanda, ongeza maji. Mvua zikishika, ndipo ubadilishe udongo, upunguze mizizi na ufunge waya wa kupinda matawi. Waya uukague kila wiki, maana masika mti unanenepa na waya unazama kwenye gome.

Udongo wangu ni mchanga wa mtoni, mkaa uliopondwa na mboji kidogo. Mchanga wa baharini achana nao, una chumvi. Na maji ya kisima chako yakiwa na chumvi, ncha za majani zitaungua, kwa hiyo kinga maji ya mvua utumie hayo.

Nyota: mreteni nampa 2, zote za umbo. Mkwaju 4, na ile moja nimeikata kwa sababu shina bado jembamba, litakuchukua miaka kunenepa.

Wengi mmeuliza kuhusu kuuweka mreteni kwenye friji ili upate ile baridi. Mti huandaliwa kwa baridi ya polepole kabla ya kulala. Ukiutoa kwenye joto la 30 ukauingiza frijini moja kwa moja, unaushtua, na hewa ya friji inaukausha. Bado hujaongeza umeme kukatika. Friji waachieni samaki.