Springi za nyuma zilizokatwa: gari lilipendeza, fundi alinichefua

Nilipeleka gari lishushwe nyuma kidogo tu, ule mwanya kati ya tairi na madigadi upungue. Tukaelewana: akate springi kwa grainda, mzunguko mmoja, basi. Narudi nakuta springi zimeshakatwa kwa gesi, ncha zimegeuka buluu kwa moto. Nikamuuliza, "Fundi, si tulisema grainda?" Wala hakuinua uso. "Bosi, springi ni chuma tu. Mbona maswali mengi?"

Chuma tu! Chuma cha springi kiwandani kinapashwa moto kwa vipimo hadi kipate ile nguvu ya kubanwa na kurudi. Ukikichoma hovyo, pale moto ulipogusa nguvu hiyo inaondoka, na baadaye springi inalala au inapasuka. Mtu anayekula kwa kazi hii halijui hilo? Tena kakata ncha ile ile iliyokunjwa ikae kwenye kikombe chake, yaani pale springi inapokalia, kwa hiyo springi ikawa imeegemea upande kama mlevi ukutani.

Haki yake nimpe, gari lilipendeza. Lilikaa chini vizuri mno, na kwenye lami nzuri hata kulala kwenye kona kulipungua, maana springi ikipunguzwa mizunguko inakuwa ngumu zaidi. Yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ukiitoa 1, ugumu unapanda kama asilimia 14. Siku za mwanzo nilitamba nayo.

Wakapanda watu nyuma. Weee! Kila shimo, gubu! Ekseli inagonga raba ya kuzuia, kwa sababu nafasi ya kushuka imeisha. Usiku nao taa za mbele zinamulika juu, wanaokuja mbele wote wananiwashia full. Hayo nayo ningeyavumilia.

Nisichosahau ni siku ya pancha. Napiga jeki, gurudumu linaning'inia, springi inachomoka kwenye kikombe na kudondoka chini mbele ya macho yangu. Shokapu ni ndefu zile za zamani, springi imekuwa fupi, hakuna tena kinachoibana pale juu. Je, ingechomoka kwenye tuta nikiwa na mwendo? Nikampigia simu nikiwa bado nimechuchumaa. Anajibu nini? "Sasa nani kakwambia uliinue?" Akacheka, akakata.

Nani kakwambia uliinue! Yaani gari likipata pancha nilibembeleze?

Nikaenda kwa fundi mwingine, nikafungiwa springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo pamoja na shokapu zake fupi. Gubu limekwisha, na ukiliinua kwa jeki springi imetulia mahali pake. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, nunua springi fupi, usikate. Ingawa, tuseme ukweli, halijalala chini kama lilivyokuwa mwanzo, na kila nikiliangalia kwa ubavuni roho inaniuma. Kuna springi zenye ncha zisizokunjwa, na fundi mwenye subira na grainda, akikata kidogo, akipima, akaweka na shokapu fupi... labda. Hapana, tena sijui. Mwenye kuthubutu athubutu.

Ila yule bwana, hata upepo wa tairi simpi ajaze.