Kishada safarini: upande nacho au ukipeleke na mizigo ya chini?

Kila kusi inapoanza kuvuma Mikindani na Msimbati, swali hili hurudi kwa wanaopanda ndege Dar kuja Mtwara na vishada vyao.

Kwa gharama, mkononi ni nafuu, mradi kikikunjwa kisizidi kipimo cha shirika. Mashirika mengi huishia urefu wa sentimita 55 hivi. Cha nailoni chenye vijiti vya kuunganisha huenea vizuri. Cha mianzi na karatasi, kile cha watoto wetu, hakikunjiki, na mkaguzi anaweza kuvikataa vijiti virefu.

Usalama wa kishada ndio unaonigusa zaidi. Vijiti vya kaboni ni vyepesi na vigumu, lakini sanduku zito likivilalia hupasuka. Ukivipeleka chini, vitie kwenye bomba la plastiki, ncha uzifungie kitambaa. Kisu na vigingi vya chuma ni vya chini tu, usibishane.

Mwenye kishada kimoja cha kukunja apande nacho. Mwenye vikubwa vitatu alipie mzigo. Na wa mianzi? Ningebeba uzi na karatasi tu, mianzi nikaitafute hukuhuku Mtwara.