Karabini ya 22 kwa mita 200: ununue ipi, na pesa uanze kuiweka wapi

Mdogo wangu anayefanya kazi Kolwezi aliniandikia hivi: "Yaya, nina pesa ya karabini ya 22 long. Nichukue ipi ili nigonge bamba la chuma kwenye mita 200?" Nikamuuliza: na pesa ya risasi umeiweka wapi? Hakuwa ameifikiria. Nimeona wengi hapa Lubumbashi wakinunua hivyo. Bunduki huwa nzuri, darubini ya kubahatisha, risasi zile zilizopatikana. Baadaye wanasema 22, bunduki hii ya risasi ndogo, haifiki mbali.

Inafika, ila inataka hesabu. Kichwa cha risasi ya kawaida kina gramu 2.6 na kinatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 330 hivi kwa sekunde. Ukiilenga bunduki yako ipige sawasawa kwenye mita 50, kwenye mita 100 risasi itakuwa imeshuka karibu sentimita 18, kwenye mita 200 zaidi ya mita moja, na kwenye 300 zaidi ya mita tatu. Upepo mdogo wa ubavuni, wa mita 2 kwa sekunde, unaisukuma sentimita 15 hadi 20 ikifika mita 200. Anayepiga kwenye shamba lililo wazi upande wa Kipushi mwezi wa saba, pepo za kusini-mashariki zikivuma asubuhi nzima, anajua ninachosema.

Kabla ya yote, kibali. Hapa Kongo sheria ya silaha ya mwaka 1985 bado ndiyo inayotuongoza, na haibagui 22 kwa udogo wake. Usimlipe muuzaji hata dola moja kabla karatasi hazijakamilika, na kama bunduki inapita Zambia kuingilia mpaka wa Kasumbalesa, iwe na karatasi za kila nchi inayopita. Katika nchi hii bunduki imewaliza watu wengi mno. Sisi tunaopiga shabaha za karatasi na chuma tuna deni la kuwa safi kuliko wengine.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa risasi. Risasi ya 22 ina baruti ya kuwashia ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo huwezi kuijaza upya nyumbani kama wafanyavyo wenye bunduki kubwa. Unapiga ulichouziwa. Risasi mbili zikipishana mwendo kwa mita 10 tu kwa sekunde, kwenye mita 200 tundu moja linakaa juu ya jingine kwa sentimita kumi hivi, hata kama mkono wako haukutikisika. Hakuna mtutu unaoweza kurekebisha hilo. Achana na zile zilizoandikwa mwendo wa kasi. Zinatoka zikiwa zimeishinda sauti, kisha zinarudi chini ya mwendo wa sauti njiani, na hapo ndipo zinapoyumba. Chukua zinazotoka tayari chini ya mwendo wa sauti.

Kwa thamani ya pesa naweka risasi za SK mbele, Standard Plus ya kufanyia mazoezi na Rifle Match ya siku ya kushindana. Lapua Center-X ni bora kuliko hizo, nayo inatengenezwa mji uleule na SK, Schönebeck, Ujerumani, lakini bei yake inauma. CCI Standard Velocity ya Marekani ni ya anayeanza, na haina aibu yoyote kwenye mita 100. Jambo moja wauzaji hawalisemi: kila toleo la kiwandani lina namba yake kwenye pakiti, na bunduki yako inaweza kupenda toleo moja na kulikataa jingine la jina hilohilo. Nunua pakiti mojamoja za matoleo tofauti, piga makundi ya risasi tano kwenye mita 50 siku isiyo na upepo, kisha rudi ununue kwa wingi namba ambayo matundu yake yalikaa karibukaribu zaidi. Mimi nilichelewa miaka miwili kulijua hili, na miaka hiyo yote nililaumu kifyatulio.

Ya pili ni darubini. Mambo mawili tu yasikosekane. Iweze kurekebishwa kuona vizuri kuanzia mita 25 au chini yake, na vitufe vyake vya juu virudi palepale unapovizungusha. Chagua inayopima kwa miliradi, kipimo kidogo cha pembe, kwa sababu mbofyo mmoja wa 0.1 ni sentimita moja kwenye mita 100, hesabu ambayo hata mtoto wa shule anaifanya. Athlon Argos BTR na Arken EP5 ni za bei ya kati na zinafaa. Usilipie ukuzaji mkubwa: jua la saa tano likishapiga udongo mwekundu, mazigazi yanachemsha picha, na mimi hurudi kwenye mara 12.

Ya tatu ndiyo bunduki yenyewe. Hapa naiweka CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki juu ya zote. Kifyatulio chake kinarekebishwa, mtutu unaweza kubadilishwa, na aina yake ya LRP, ya kupigia mbali, inakuja na reli ya kufungia darubini iliyoinamishwa dakika 25 za pembe, msaada mkubwa kwa darubini kuufikia ule mshuko wa mita 200 na 300. Tikka T1x ya Ufini inaifuata kwa karibu sana. Komeo lake la kupakilia risasi linateleza kama limepakwa mafuta, lakini kitako cha plastiki ni chepesi mno kwa kazi hii, na utaishia kununua kingine. Ruger Precision Rimfire inakuja na kitako kinachorefushwa na kufupishwa, hivyo inafaa familia yenye watu wa maumbo tofauti. Bergara B-14R ni tamu, ila kwa anayeanza pesa ile ya ziada ingenunua risasi za mwaka mzima.

Na kama umerithi 22 ya zamani ya babu aina ya BRNO yenye mtutu msafi, usiiuze. Ipe risasi nzuri na miguu miwili ya mbele, utashangaa.

La mwisho halinunuliwi dukani. Vichuguu vyetu vikubwa vinavutia kuwa ukuta wa kuzuia risasi, lakini wakati wa kiangazi uso wake ni mgumu kama tofali na unarudisha risasi pembeni. Rundika mchanga laini mbele yake, kwa urefu wa mtu, na uhakikishe nyuma yake hakuna njia wala wachoma makaa, maana risasi hii ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja.

Mdogo wangu amechagua CZ. Karatasi zake bado ziko ofisini. Wakati anasubiri nimemwambia anunue daftari la kuandikia upepo.