FET kwa ratiba ya chuo: uzoefu wangu, na kazi ya data inayotangulia

FET ni programu huria ya kupanga ratiba za shule na vyuo. Ilianzishwa mwaka 2002 na Liviu Lalescu wa Romania, inatolewa bure chini ya leseni ya AGPL, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS bila kuhitaji intaneti. Nimeitumia kwa mihula kadhaa kupanga vipindi vya chuo kimoja hapa Tanzania, na ninaipa alama za juu. Hata hivyo, nitaizungumzia zaidi kazi inayotangulia programu yenyewe. Nimewaona wenzangu wa vyuo vingine wakiijaribu, ikawagomea, wakarudi kwenye kupanga kwa mkono, na kila nilipoangalia faili zao nilikuta tatizo liko kwenye data waliyoiingiza.

Data ya ratiba huanzia idarani, na huko kila mtu ana mtindo wake. Mmoja analeta jedwali la Excel, mwingine waraka wa Word, mwingine anapiga picha karatasi na kuituma WhatsApp. Hilo linavumilika. Linalosumbua ni idara kuandika krediti mahali ulipoomba vipindi. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na ndani yake mna mihadhara, semina, maabara, kazi za nyumbani na kujisomea. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120 za muhula mzima, na ukizigawa kwa idadi ya wiki hupati vipindi vya darasani. Kwa hiyo fomu yangu ya idara haina kabisa nafasi ya krediti. Inauliza mambo matatu kwa kila kozi: mihadhara saa ngapi kwa wiki, semina saa ngapi na kwa makundi mangapi, maabara saa ngapi na kwa makundi mangapi. Kozi moja inaweza kuzaa mistari sita kwenye jedwali, na hivyo ndivyo FET inavyotaka, kwa sababu kila mstari ni tukio lenye mwalimu wake, wanafunzi wake na aina yake ya chumba.

FET hupokea data kwa faili za CSV (majedwali ya maandishi matupu, ambayo Excel inaweza kuyahifadhi): wanafunzi, vyumba, walimu, kisha vipindi vyenyewe. Kwenye faili la vipindi unaandika kundi la wanafunzi, somo, mwalimu, lebo (alama ya aina ya kipindi), jumla ya saa na mgawanyo wake. Kozi ya saa 3 ukiandika 2+1 itapata kipindi cha saa mbili mfululizo na kingine cha saa moja. Alama hiyohiyo ya kujumlisha ndiyo inayounganisha walimu wawili wanaofundisha pamoja, au makundi mawili yanayokaa ukumbi mmoja, kwa hiyo isiwemo ndani ya jina la mtu wala la kundi.

Majina ndiyo yanayohitaji jicho kali kuliko yote. Programu hulinganisha herufi kwa herufi. Chukua mhadhiri anayefundisha idara mbili. Idara ya kwanza imemwandika "Dkt. A. Juma", ya pili "Dr. A. Juma". Kwa FET hao ni watu wawili tofauti, na itampangia mihadhara miwili Jumanne saa 4 asubuhi bila kulalamika, kwa sababu kwa macho yake hakuna mgongano. Wakati wa kuingiza vipindi, FET hukuonyesha majina mapya itakayoyaongeza. Soma orodha hiyo yote, jina kwa jina, kabla ya kukubali. Mimi nimekwenda mbele zaidi: kila mhadhiri ana kifupi kimoja kwenye jedwali kuu, idara zinachagua kifupi hicho kutoka kwenye orodha iliyofungwa, na hakuna anayeruhusiwa kuandika jina kwa mkono. Vivyo hivyo kwa misimbo ya kozi, maana "DS101" na "DS 101" ni masomo mawili.

Sasa nije kwa wanafunzi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ratiba ya chuo hufa au hupona.

FET ina ngazi tatu: mwaka, kundi na kikundi kidogo. Kikundi kidogo ndicho kinacholindwa kisigongane, na kinaweza kuwa mwanachama wa makundi kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa shahada ambayo darasa zima linasoma kozi zilezile, huna haja ya kuumiza kichwa. Ugumu uko kwenye ualimu. Mwanafunzi wa shahada ya ualimu anasoma kozi za elimu pamoja na wenzake wote, halafu ana masomo mawili ya kufundishia: Historia na Jiografia, Kiswahili na Kiingereza, Fizikia na Hisabati, na kadhalika. Ukimweka kama "Ualimu mwaka wa pili" tu, programu itaamini kwamba mwaka mzima unasoma kila kitu, na itakataa kuweka Fizikia na Historia kwa wakati mmoja ingawa hakuna hata mtu mmoja anayesoma yote mawili. Ratiba itajaa hadi ishindikane. Ukifanya kinyume, ukalifanya kila somo kundi linalojitegemea lisilohusiana na lingine, wanafunzi wa Historia na Jiografia watajikuta na mihadhara miwili kwa wakati mmoja, na viongozi wa madarasa watapanga foleni mlangoni kwako wiki ya kwanza ya muhula.

Njia iliyonifaa ni kufanya kila jozi ya masomo kuwa kikundi kidogo, kisha kila somo kuwa kundi lenye vikundi vinavyolihusu. Kikundi cha Historia na Jiografia kinakuwemo kwenye kundi la Historia na kwenye kundi la Jiografia. Mhadhara wa Historia unapewa kundi la Historia, wa Jiografia unapewa kundi la Jiografia, na programu inajua yenyewe wapi watu ni walewale. Masomo sita ya kufundishia yanaweza kutoa jozi 15, lakini si zote zina watu. Chukua orodha ya usajili, hesabu kila jozi ina wanafunzi wangapi, na zile tupu zifute. Kila kikundi kisicho na mtu ni ukuta unaoujenga bure ndani ya ratiba. FET ina zana ya kugawa mwaka moja kwa moja kwa vigezo utakavyoitajia, na ni nzuri kwa madarasa madogo, ila hutengeneza mchanganyiko wote unaowezekana: semina makundi 3, chaguo 4 na maabara makundi 2 ni vikundi 24 papo hapo. Kwa ualimu napendelea kutengeneza vikundi mwenyewe.

Kuna pia kozi za pamoja. Takwimu inafundishwa na idara ya Hisabati, wanaoisoma ni wa Biashara na wa Ualimu. Idara ya Hisabati inaileta kwa sababu ndiyo inayofundisha, Biashara nayo inaileta kwa sababu ni kozi ya wanafunzi wake, na mara nyingine kwa msimbo tofauti. Sheria yetu sasa: kozi inaandikwa na idara inayofundisha peke yake, nyingine zinataja tu makundi yao yanayohusika. Kabla ya kuingiza chochote hupanga jedwali kwa jina la mhadhiri na kupitia jumla ya saa zake. Mtu mwenye saa 26 kwa wiki karibu kila mara ni mtu ambaye kozi yake imeandikwa mara mbili.

Kwa vyumba, wengi hushangaa FET inapotoa ratiba yenye saa na siku lakini isiyo na chumba. Programu haikupangii chumba mpaka uwe umeiambia kipindi hiki kinafaa vyumba vipi. Ninachofanya ni kutumia lebo: UKUMBI, SEMINA, MAABARA YA KEMIA, MAABARA YA KOMPYUTA. Kila lebo inapewa orodha ya vyumba vyake, na kazi inaisha kwa masharti machache badala ya mamia. Idadi ya wanafunzi nayo lazima ijazwe, kwani kundi lililoachwa na sifuri linaingia chumba chochote, hata chenye viti 30.

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, piga hesabu ya kumbi kubwa kwa kalamu. Wiki ya siku tano, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, ina vipindi 65. Ondoa Ijumaa saa 6 hadi saa 8 mchana kwa ajili ya sala, vinabaki 63. Kama kumbi zinazochukua zaidi ya wanafunzi 300 ni mbili, una nafasi 126. Ukiwa na kozi 45 za umati huo, kila moja saa 3, unahitaji 135. Hapo hakuna programu duniani itakayokuokoa, na jibu linatakiwa litoke kwa uongozi wa chuo: kugawa mikondo, au kutumia Jumamosi na kukumbuka Wasabato. Na nafasi 126 hazijai zote, kwa sababu vipindi vya saa mbili huacha mianya ya saa moja moja.

Kuhusu masharti sitasema mengi. Kila sharti lina uzito kwa asilimia, na 100 maana yake halivunjwi kamwe. Wahadhiri wa muda wanaokuja jioni tu, wape 100. Mhadhiri anayependa asubuhi, hilo ni ombi, lisubiri. Anza na yasiyokwepeka, zalisha ratiba, kisha ongeza mengine kidogo kidogo. Ikikwama, FET hukuonyesha ilifika wapi na kipindi gani kimekataa kuingia, na mara nyingi ukikifuatilia kipindi hicho unakutana na kosa la data: kundi lililokosewa, lebo ya maabara kwenye mhadhara, mhadhiri aliyefungiwa siku zote. Kwangu hii ndiyo sifa yake kubwa.

Matokeo hutoka kama kurasa za HTML kwa kila kundi, kila mhadhiri na kila chumba, tayari kubandikwa au kutumwa. Muhula ukianza na mhadhiri mmoja akahama, unafunga vipindi vyote vilivyokwisha kaa sawa na kupanga upya vyake tu.

Upungufu upo. FET ni ya kompyuta moja, faili moja. Idara haziwezi kuingia na kujaza zenyewe, kwa hiyo mtu mmoja anabeba mzigo wote wa kukusanya. Inafikiri kwa wiki moja inayojirudia, na maabara za wiki moja ndiyo, moja hapana, zinahitaji mbinu. Wala haimwoni mwanafunzi mmoja mmoja: anayerudia kozi ya mwaka wa kwanza akiwa mwaka wa pili hatalindwa. Chuo kinachotaka hayo kiangalie UniTime, iliyoanzia Purdue University huko Marekani. Hiyo ni ya wavuti, nayo ni huria, na inapanga kwa kuzingatia kozi za kila mwanafunzi, ila inadai seva, hifadhidata, na mtaalamu wa kuitunza.

Kwa chuo kidogo au cha kati chenye mratibu mmoja wa ratiba na kompyuta ya kawaida, ningechagua FET tena. Anza na kitivo kimoja, hasa chenye ualimu ukiwa nacho, na zifungie idara tarehe ya mwisho ya kuleta data angalau wiki nne kabla ya muhula. Wiki tatu za mwanzo utazitumia kwenye majina na makundi.