Nimejaribu majina 5 ya tovuti kwa simu kabla ya kulipia hata senti

Haya wadau, karibuni tena. Leo sina simu mpya mkononi, sina spika, sina pawabenki. Bidhaa ya leo haishikiki: ni domeni. Kwenye vitabu inaitwa jina la kikoa, na ni sawa kabisa, ila nenda kwa vijana wanaotengeneza tovuti hapa Dar uwaambie "nataka kikoa", uone watakavyokukodolea macho. Ni lile jina unaloliandika kule juu ili ufike kwenye tovuti ya mtu. Hulinunui likawa lako moja kwa moja. Ni kama chumba cha kupanga, unalipia mwaka, ukiisha unalipia tena, usipolipa anaingia mpangaji mwingine.

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi yangu yuko Tabora, anauza asali ya miombo. Miaka yote anauzia WhatsApp, sasa wateja wamekuwa wengi, anataka tovuti. Juzi nampigia, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, kabla hata hatujaulizana hali: "Jina nimeshapata. Asali Asilia. Nilipie." Nikamwambia shangazi, jina zuri, ila nipe siku mbili nilijaribu kwanza.

Jaribio langu ni la kishamba lakini sijaona linaloshinda. Nimechukua majina 5, nikawapigia watu 4: bodaboda wangu wa kila siku, mama mmoja mwenye duka la jumla hapa mtaani, binamu yangu wa Mombasa, na mwanafunzi mmoja wa chuo. Kila jina nimelitamka mara moja tu, kama tangazo la redio linavyopita. Sikurudia, sikutaja herufi. Wakaandika kwenye karatasi, wakapiga picha, wakanitumia. Maana wateja wetu wengi jina wanalisikia kabla ya kuliona. Wanaambiwa na jirani, wanalisikia kwenye daladala, halafu wanakwenda kuliandika wenyewe.

Sogeza kamera hapa. Asali Asilia. Bodaboda kaandika "asaliasili". Mama wa duka, "asiliasali". Binamu kapatia. Mwanafunzi, ambaye nilidhani ndiye atakayenitoa kimasomaso, kaandika "asalasilia", kameza irabu nzima. Mmoja kati ya 4! Na si kwamba hawajui kuandika. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, na mengi yanaanza na irabu, na domeni haina nafasi katikati. Ukiyabana hivyo, kwenye kiungo, pale maneno yanapokutana, sikio linateleza. Vibaya zaidi irabu zikiwa zilezile. Chukua "ladha asili": ukiunganisha unapata ladhaasili, a mbili zimekaa pamoja, na kila atakayeiona atadhani umekosea kuchapa, atafuta moja.

La pili lilikuwa langu mwenyewe, nalipenda kweli: Dhahabu ya Miombo. Matokeo... binamu wa Mombasa peke yake ndiye kaandika dh. Wengine wote "zahabuyamiombo". Sisi wa bara, tusidanganyane, dh na z tunazitamka kwa ulimi mmoja. Hali kadhalika th na s. Hebu fikiria mtu anauza makochi, duka lake linaitwa Thamani Bora. Mteja anasikia, anaandika samanibora, na kwa muuza makochi hata maana inakubali! Hatajua kamwe kwamba amekosea. Ataangukia kwa mshindani wako, atanunua kochi, na atakushukuru wewe. Kwa hiyo jina lenye dh, th, gh au kh, kama soko lako ni la nchi nzima, liache. Ukiling'ang'ania basi lipia na tahajia ya pili, uielekeze kwenye ile ya kwanza.

La tatu, asali-tabora, lenye kistari. Kiufundi halina shida. Domeni inakubali herufi, tarakimu na kistari, mradi kistari kisianze wala kisimalizie, na kipande kimoja cha jina kisizidi herufi 63. Sasa litamke. "Asali kistari Tabora." Mama wa duka kaniandikia, someni wenyewe hapo, "asalikistaritabora". Nimecheka, lakini kosa ni langu. Na kuna jambo dogo hapa watu wananiuliza sana, herufi kubwa na ndogo. Kwa mashine hakuna tofauti, ukiandika AsaliTabora au asalitabora unafika palepale. Kwa hiyo kwenye kadi, kwenye chupa, kwenye ubavu wa gari, andika kwa herufi kubwa kila neno linapoanza. Jicho linasoma haraka, na hulipi chochote cha ziada.

La nne ni asali4u. Sitawapotezea muda. Tahajia nne tofauti kwa watu 4.

La tano: Mzinga. Hapa wote 4 wamepatia, nikashangilia. Halafu bodaboda ananiuliza, "Braza, hiyo ni tovuti ya kupiga mizinga?" Nikakumbuka kwamba mjini kumpiga mtu mzinga ni kumwomba hela. Binamu naye kutoka Mombasa anasema kwao mzinga ni ile chupa kubwa ya pombe. Na Morogoro kuna Shirika la Mzinga, la jeshi, ambalo shughuli yake haina uhusiano na nyuki. Shangazi yangu ni mlokole, mzinga wa pombe hautaki hata kuusikia. Kwa hiyo jina linaweza kufaulu kwenye sikio likafelia kwenye maana. Msiulize watu wa mji mmoja tu.

Sasa tuje kwenye mkia wa jina, kile kipande cha mwisho baada ya nukta, maana hapo ndipo pochi inapoingia.

.com kila mtu anaijua, na huo ndio uzuri wake. Hata ukimwambia mtu co.tz, mkono unaweza kwenda .com wenyewe kwa mazoea. Kampuni inayoisimamia ni Verisign ya Marekani, na Septemba 2024 bei yake ya jumla ilifika dola 10.26 kwa mwaka. Ishikeni hiyo namba. Wakala, yaani yule anayekusajilia jina, akikuuzia .com kwa dola 2, hajakuhurumia, anakula hasara mwaka wa kwanza ili akupate wa pili. Ndiyo maana mimi kwenye ukurasa wa bei sisomi zile herufi nyekundu kubwa, nashuka chini nikatafute neno "kuhuisha", yaani bei ya kulipia tena mwaka ukiisha. Ile mikia mipya, sijui .online, .store, .xyz, mchezo ndio huohuo na mara nyingi ni mkali zaidi. Unaingia kwa dola 1, mwaka wa pili unakuta bei imepaa mara kumi na zaidi, na wakati huo umeshachapisha lebo za chupa.

co.tz, kwa mtu anayeuza Tanzania, naipa 8 kati ya 10. Mteja anajua uko hapa. Kikundi au asasi ina or.tz, shule sc.tz, vyuo ac.tz, na go.tz ni ya serikali tu, huiuziwi. Ndugu zetu Wakenya wana co.ke, na tangu 2017 wanaweza kuchukua jina likaishia na .ke peke yake, fupi, safi. Nawaonea wivu kidogo.

.africa nayo ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2017, na mimi naipenda kwa moyo. Lakini mpigie Mswahili simu umwambie "doti afrika" uone atakachoandika. Ataweka k! Kwa lugha yetu ndivyo inavyoandikwa, na yeye hajakosea. Mkia wenyewe ndio una c. Naipa 5, na moyo unaniuma.

Za bure? Wale wa zamani mnaikumbuka .tk ya Tokelau, .ml ya Mali, .ga ya Gabon. Zilikuwa zinagawiwa bure na kampuni ya Freenom, na matapeli walizijaza kurasa za kuibia watu nywila. Meta, wenye Facebook, ikaishtaki, mwaka 2023 Freenom ikaacha kusajili majina mapya, Gabon ikachukua .ga yake mwaka huohuo, na Februari 2024 Freenom ikatangaza kwamba inaachana kabisa na biashara hiyo. Waliokuwa wamejenga humo biashara halali waliamka hawana pa kushika. Dola 10 kwa mwaka, jamani, ni soda moja kwa wiki hata haifiki.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili limenikuta. Tovuti yangu ya kwanza nilimpa fundi mmoja, simtaji. Akafanya kila kitu, hata domeni akaisajili yeye, kwa jina lake na barua pepe yake. Mimi nikafurahi nimepunguziwa usumbufu. Mwaka ulipoisha taarifa za malipo zikaenda kwake, namba ameshabadilisha, mimi nalala. Siku nafungua tovuti yangu nakutana na matangazo ya kubeti. Jina langu, yaani jina nililolichora kwenye fulana 50! Sikuwa na cha kudai, kwa sababu kwenye usajili jina langu halikuwepo hata mara moja. Fundi akikusaidia sawa, lakini akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, jina la mmiliki liwe lako, na nywila ikae kwako.

Na kusahau si kwa wadogo tu. Desemba 1999 Microsoft yenyewe ilisahau kulipia passport.com, watu wakashindwa kuingia kwenye barua pepe zao za Hotmail. Aliyewaokoa ni mtaalamu wa kompyuta Michael Chaney, aliyetoa kadi yake akawalipia dola 35. Kwa .com, muda ukipita mawakala wengi wanakupa siku kadhaa za neema, kisha kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini nzito, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu linarudi sokoni, na kuna mashine zinalisubiri kwa sekunde. Washa malipo ya kujirudia. Kama kadi yako ni ya kuvizia, lipia miaka 2 au 3 kwa mkupuo.

BRELA, ile ofisi ya kusajili biashara hapa Tanzania, na domeni ni vitu viwili, wadau. Kusajili jina la biashara BRELA hakukupi domeni, na kuwahi domeni hakukupi haki ya nembo ya mtu. Angalia kote kabla ya kulipia.

Turudi Tabora. Nimempigia shangazi kumpa matokeo, amenuna kidogo kuhusu Asali Asilia. Nikamwuliza, wazee mkishatoa asali kwenye mzinga mnasemaje mkirudi nyumbani? Akasema, "Tunasema tumelina." Nikanyamaza kama sekunde tatu. Tumelina! Sentensi nzima ndani ya neno moja, haina kiungo, haina dh, haina kistari, herufi 8. Nikarudi kwa watu wangu wale 4, wote wameandika sawasawa. Mwanafunzi tu ndiye aliuliza, "Kulina ndiyo nini?" Nikampelekea shangazi swali hilo, akacheka: "Mwambie aingie kwenye tovuti aone."

Nimeangalia asubuhi hii, co.tz iko wazi na .com iko wazi. Hii video haipandi mpaka nimelipia zote mbili, kwa jina la shangazi, maana nawajua nyinyi.