Kisanduku cha kubadilishia hedifoni na spika: miezi minne nacho hapa Arusha

Nimekaa na hiki kidude miezi minne sasa, sio wale wanaosifia kitu siku waliyokitoa kwenye mfuko, kwa hiyo naongea nilichokiona. Chenyewe ni kisanduku cha bati jeusi, ukubwa kama viberiti viwili ukivibananisha, nyuma kina tundu moja la waya unaotoka kwenye kompyuta, mbele matundu mawili, moja la spika moja la hedifoni, juu kitufe. Unabonyeza, sauti inahamia upande wa pili. Basi. Hakitaki umeme wala draiva, na jina la kampuni halipo, nimegeuza pande zote sijaliona. Nilikipata kwenye vibanda vya vifaa vya simu kule Stendi Ndogo, jamaa alianza na 22,000 tukavutana mpaka 15,000.

Shida yangu ilikuwa hivi. Naedit video za harusi na sendoff, nakaa Sakina, na ukuta kati yangu na jirani ni mwembamba kiasi kwamba akikohoa nampa pole, na ana kichanga. Mchana natumia spika, usiku lazima hedifoni. Sasa kompyuta yangu ni ya mezani, used, boksi lake liko chini ya meza limeegemea ukuta na jeki ya mbele, yaani tundu la kuchomekea hedifoni, ilishakufa kabla sijainunua, aliyeniuzia alisema "hiyo ndogo tu kaka, utatumia ya nyuma". Kila siku ikifika saa nne usiku napiga magoti na tochi ya simu mdomoni, napapasa lile tundu la kijani, nachomoa spika nachomeka hedifoni, natoka na utando wa buibui kichwani. Asubuhi narudia. Ikafika mahali na ile jeki ya nyuma ikaanza kulegea, sikio la kushoto linakata mpaka uukunje waya kidogo na kuubana na selotepu, na mimi ndo nilikuwa najiuliza mbona wimbo wa maharusi unasikika upande mmoja nikidhani nimeharibu kazi ya mteja.

Kabla ya kisanduku nilishapigwa 5,000 duka lingine. Chalii wa pale akanipa ule waya wenye umbo la Y, akasema unachomeka zote mbili umemaliza. Na kweli, zote mbili zinalia, tatizo zinalia kwa pamoja! Usiku nimevaa hedifoni najua niko peke yangu duniani, napandisha sauti ya MC akiita wazazi wa bwana harusi waje mbele, mara mlango unagongwa, kufungua ni mama jirani kasimama na kanga, mtoto begani. "Kaka, mtoto ndo kwanza alikuwa kalala." Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nikarudisha, nikaambiwa kitu kikishafunguliwa hakirudi.

Kwa hiyo mkienda dukani muwe makini, Y inagawa sauti, haibadilishi, labda spika zenu ziwe na kitufe cha kuzimia ambacho mkono unakifikia. Mnachotaka kina kitufe juu.

Nilikifungua na bisibisi ya simu nione kuna nini. Hakuna kitu jamani, ni swichi moja na nyaya zimechomelewa kwa risasi, na ndo sababu sina wasiwasi nacho. Pini yenyewe ya hedifoni ukiiangalia ina ncha ya sauti ya kushoto, pete ya katikati ya sauti ya kulia, na shina linalotumika na zote mbili, hicho kisanduku kinageuza tu njia. Ubora wa sauti sijaona umepungua. Nikiweka sauti kubwa sana kwenye hedifoni, spika nazisikia zinanong'ona kwa mbaali, ila sio za kumwamsha mtoto. Na kuanzia mwezi wa tatu wa kukitumia kitufe kimeanza kukwaruza, wakati mwingine sikio moja haliji mpaka ubonyeze tena, nahisi ni vumbi la barabara yetu.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni masikio. Ukibadilisha kwa Windows yenyewe, kila kifaa kinakumbuka sauti yake, spika 80, hedifoni 25, inajipanga. Kisanduku hakina akili hiyo, kompyuta inaona kifaa kimoja tu, haijui umebonyeza nini. Siku ya kwanza nimetoka kwenye spika kompyuta iko 100, nikavaa hedifoni nikabonyeza, aisee tarumbeta za matarumbeta ya Moshi ziliingilia huku zikatokea huku, nilizivua nikazitupa kitandani. Sasa hivi kompyuta naiacha 30 muda wote, spika ndo nazipandisha kwa kirungu chake cha pembeni. Mkinunua anzeni na hilo, na mbonyeze kabla ya kuvaa.

Lingine, kama hedifoni zako zina maiki kwenye pini hiyo hiyo moja, ile yenye mistari mitatu, maiki haipiti, angalau kwenye hiki changu. Nina mteja tunaongea naye Zoom, natumia maiki ya kamera. Hedifoni za USB na za bluetooth ndo kabisa, hazihusiani na haya matundu.

Halafu niseme ukweli, wengi wenu hamkihitaji. Kama jeki yako ya mbele ni nzima, chomeka spika nyuma na hedifoni mbele ziache hapo hapo, halafu kama kompyuta yako ina programu ya sauti ya Realtek ingia uangalie sehemu ya kutenganisha mbele na nyuma viwe vifaa viwili. Ikikubali, Windows 10 unabofya ka-alama ka spika pale karibu na saa unachagua, Windows 11 ukishabofya hako ka-alama unabofya kamshale pembeni ya kipimo cha sauti. Na kuna programu ya bure inaitwa SoundSwitch, ukibonyeza Ctrl, Alt na F11 inaruka kutoka kifaa kimoja kwenda kingine hata ukiwa katikati ya kazi. Nilimwekea shemeji yangu pale Njiro, dakika tano, hajatoa hata mia. Mimi na jeki yangu mfu ndo 15,000 imenitoka, na bado naona ni hela halali, magoti yamepona na waya wa nyuma sijaugusa tangu siku hiyo.

Nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya kile kitufe. Ile Y bado iko kwenye droo, anayeitaka aje Sakina aichukue bure.