Ijumaa moja mbele ya televisheni ya Uingereza, na mgeni asiyejua Kiingereza

Mama mdogo alipokuja kutoka Tanga Novemba iliyopita kukaa nami hapa Leicester, baridi ilimfungia ndani tangu siku ya pili. Nikirudi kazini namkuta kajifunika mablanketi mawili, ameikodolea macho televisheni iliyozimwa. "Nikiiwasha wanasema, mwanangu, na mimi siwasikii." Basi Ijumaa ambayo sikuwa na zamu nikaamua kumtengea jioni nzima ya sanaa na burudani, nione ni kipindi gani kinasimama bila lugha.

Tuanze na gharama, maana kila anayehamia huku huuliza. Leseni ya televisheni niliyolipa 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa nyumba nzima kwa mwaka, yaani peni 48 hivi kwa siku. Hata kama hutazami BBC, ukiangalia chaneli yoyote moja kwa moja inaporushwa unatakiwa uwe nayo, na ukitumia iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama kwa mtandao, vilevile. Zaidi ya hapo usiku ule sikulipa kitu. Sky Arts zamani ilikuwa ya wenye kulipia kila mwezi, lakini tangu Septemba 2020 unaipata bure kwa antena ya kawaida kupitia Freeview, huduma ya televisheni isiyolipiwa kwa mwezi.

Saa moja jioni tukafungua BBC Four, ambayo kabla ya saa hiyo haipo hewani kwa sababu masafa yake mchana hutumiwa na chaneli ya watoto. Ijumaa hurudia Top of the Pops, kipindi cha muziki kilichoanza 1964 na kuzimwa 2006. (Usitegemee kuona vyote: vingi vya miaka ya 60 vilifutwa kanda zikatumika tena, na vile alivyoviongoza Jimmy Savile, mtangazaji aliyegundulika baada ya kufa kuwa alinajisi watoto, havirudiwi.) Siku hiyo walirusha kimoja cha miaka ya 80. Vijana wamefura nywele, mabega ya makoti yamepanda kama mabawa, moshi unatambaa sakafuni. Mama mdogo alitazama kimya nyimbo mbili, kisha akasogea mbele ya kiti. "Hebu nionyeshe waya wa gitaa la yule unakoingia." Haukuwepo. Wengi enzi hizo walikuwa wakiimba kwa pleibeki, na mpiga gitaa alikuwa anajikunia nyuzi tu. Tangu hapo ikawa mchezo wake kutafuta waya. Wimbo wa nne aliujua, aliwahi kuusikia kwenye harusi moja kule Chumbageni, akaufuata kwa mluzi mpaka mwisho. Kwangu kipindi hiki ni cha kupumzisha akili. Ukikitazama peke yako kinachosha upesi, kwa hiyo tafuta mtu wa kubishana naye.

Kilichotubeba usiku ule ni Portrait Artist of the Year ya Sky Arts, niliyokuwa nimeirekodi Jumatano. Wachoraji tisa wanakusanyika Battersea Arts Centre, London, wanakaa watatu watatu kumzunguka mtu maarufu mmoja, wanapewa muda wa saa nne kumchora, huku watu wanapita nyuma yao wakichungulia. Saa ikiisha, brashi chini. Basi. Nilipomweleza, mama mdogo alisema, "Yaani tunakaa kutazama rangi ikikauka?"

Dakika kumi baadaye alikuwa kaniomba ninyamaze. Mmoja wa waliokaa kuchorwa alikuwa mama mweusi, mweusi wa kung'aa, na mchoraji wa kwanza alianza kwa kupaka uso mzima rangi ya bluu. "Huyu vipi? Anamchora maiti?" Kamera ikasogea hadi kwenye kibao cha rangi. Kahawia, bluu, zambarau, wekundu kidogo kama wa matofali, na rangi nyeusi haikuwepo kabisa. Akawa anaweka juu ya ile bluu vipande vya kahawia, hapa shavuni, hapa juu ya nyusi, na bluu anaiacha ichungulie chini ya kidevu. Kufumba na kufumbua uso ukapata damu. Mama mdogo akautazama mkono wake kwenye mwanga wa taa, akaugeuza, akautazama tena. "Kweli," akasema, "hapa kwenye mshipa pana bluu."

Mchoraji wa pili alitumia saa nzima kwenye mikono na kichwa kikabaki yai tupu. Wa tatu aliwahi kumaliza, halafu akaanza kuharibu. Yote hayo hayahitaji mkalimani. Ukimwona mtu anarudi nyuma hatua mbili, anakunja uso, anachukua kitambaa na kufuta pua aliyoihangaikia kutwa, umeelewa. Mwishoni turubai zinageuzwa na mwenye sura yake anachagua ya kwenda nayo nyumbani. Yule mama akaichukua ile ya bluu. Majaji wanaangalia mambo yao wenyewe, na mara nyingi hawakubaliani naye.

Hapo ndipo king'amuzi changu, ambacho sitataja ni cha nani, kiliponitia aibu. Majaji wamewasimamisha wachoraji watatu waliobaki, mtangazaji anavuta pumzi, picha ikakata. Kurekodi kulikwisha kabla ya kipindi. Mama mdogo hakujali hata kidogo. Alishampa ushindi mtu wa bluu, na kwake kesi ilikuwa imefungwa.

Saa nne na dakika arobaini tukahamia BBC One kwa The Graham Norton Show, kipindi ambacho mtangazaji Graham Norton anapiga soga na watu maarufu. Hapa ndipo lugha ilipogoma. Wageni wote wanakaa kwenye kochi moja tangu mwanzo, wana vinywaji mkononi, wanakatizana, na utani wao unakwenda mbio. Nilijaribu kutafsiri. Nikimaliza sentensi moja wao wamecheka mara tatu, na mzaha ukifika kwa Kiswahili umekwishapoa kama chai ya jana. Nilifurahi jambo moja tu: baada ya saa tatu usiku televisheni za huku huachia matusi, na yeye hakusikia hata moja.

Lakini kuna kile kiti chekundu mwishoni. Mtu wa kawaida anakaa, anasimulia kisa chake, kikimchosha Norton anavuta mkono wa chuma na kiti kinampindua msimuliaji kinyumenyume, miguu juu. Mama mdogo alicheka blanketi zikaanguka zote mbili. "Mwambie avute tena!"

Jioni nzima naipa nyota nne kati ya tano, basi, na moja nimeiondoa kwa ajili ya kochi la Norton. Kama una mzazi asiyejua Kiingereza, anza na wachoraji. Na ukirekodi, ongeza dakika kumi mwishoni. Mimi nilishaweka kwa ajili ya Jumatano iliyofuata, na mama mdogo alikaa mbele ya televisheni tangu saa kumi na moja.